Tupime kuni kama tunavyopima kahawa

Wandugu wakulima, kila koperative ya huku kwetu, tangu Sake na Shasha kufika Kirotshe na Bweremana, inajua kazi ya mizani. Tunapima kahawa, tunapima maharagi, tunapima mahindi. Gunia haliingii depo bila kupita kwenye mizani na kuandikwa kwenye daftari. Lakini kuko kitu kimoja kinachoingia ndani ya nyumba zetu kila siku, na hakuna mtu anayekipima: kuni.

Sababu tunaijua. Kuni nyingi zinaletwa na mama ao na mtoto, mgongoni. Kitu kinachokuja kwa mgongo wa mama hakina bei kwenye daftari. Tunasema ni cha bure. Kumbe kinalipwa: kwa macho yake, kwa mapafu ya mtoto aliyebebwa mgongoni, kwa maji ambayo hayakuchemshwa, kwa maharagi ambayo hayakuiva vizuri.

Watu wengi wakisikia neno "moto wa jikoni na afya" wanafikiri moshi peke yake. Moshi ni kweli. Lakini sisi tunaoandika gazeti hili tunaona kwamba kuni zinaleta ugonjwa kwa njia mbili. Zikiwaka vibaya, zinaleta moshi. Zikikosekana, zinaleta njaa, kuhara na hatari za njiani. Nyumba maskini inapata yote mawili siku moja: moshi mwingi na moto kidogo. Ndiyo maana tunapenda koperative ziingize kuni ndani ya hesabu zao, sawa vile zinavyohesabu mbegu na mbolea.

Moshi: mwenye kuupata kwanza ni mtoto

Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu kwamba mwaka 2020 moshi wa jikoni uliua watu karibu milioni 3,2 duniani. Kati yao, zaidi ya 237 000 walikuwa watoto wenye chini ya miaka 5. Wakubwa wanakufa kwa ugonjwa wa moyo, kwa mshipa wa kichwa kupasuka ao kuziba, kwa mapafu kuchoka pole pole na kwa kansa ya mapafu. Watoto wanakufa zaidi kwa nimonia. OMS inasema mtoto anayeishi ndani ya moshi wa jikoni anakaribia kuwa na hatari ya nimonia mara mbili kuliko mtoto asiyeishi ndani yake.

Kwa nini moshi unafanya vile? Ndani ya moshi kuko vumbi laini sana, dogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Vumbi la shamba linanaswa puani na kooni, tunalipiga chafya, linatoka. Lile la moshi linapita mpaka ndani kabisa ya mapafu na linabaki pale. Mapafu ya mtoto bado yanakua, na mtoto anapumua haraka kuliko mtu mkubwa. Akiwa mgongoni mwa mama mbele ya mafiga saa mbili ao tatu kila siku, anakunywa moshi sawa na mpishi mwenyewe.

Hapa tunaomba kila mzazi akamate hesabu hii, juu inaweza kuokoa mtoto leo, hata kabla ya jiko kubadilika. Mtoto akiwa na kikohozi ao shida ya kupumua, fungua nguo yake, tazama kifua chake akiwa ametulia, halafu hesabu pumzi zake kwa dakika 1 kamili:

– mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 ao zaidi ni hatari;
– mtoto wa miezi 2 mpaka 11: pumzi 50 ao zaidi ni hatari;
– mtoto wa mwaka 1 mpaka miaka 5: pumzi 40 ao zaidi ni hatari.

Ikiwa hesabu imefika pale, ao kifua kinaingia ndani chini ya mbavu wakati anavuta pumzi, ao anakataa kunyonya, usingoje kesho. Umpeleke kituo cha afya. Nimonia inatibika kwa dawa, lakini haingoji.

Maharagi yetu yanachemka kwa moto mdogo kuliko ya Kinshasa

Kuko jambo moja la nchi yetu ambalo wachache wanalitaja. Ziwa Kivu liko kwenye urefu wa metre karibu 1 460 juu ya bahari. Huku juu, hewa ni nyepesi, na maji yanaanza kuchemka mapema, karibu digri 95, si 100 kama kandokando ya bahari. Ukipanda milima ya Masisi, zaidi ya metre 2 000, maji yanachemka karibu digri 93. Hata ukisukuma kuni namna gani, maji yanayochemka hayaongezeki joto. Yanabaki pale pale na kugeuka mvuke.

Maana yake ni nini? Maharagi ya huku yanaiva polepole kuliko maharagi ya nchi ya chini. Saa zinakuwa nyingi, kuni zinakuwa nyingi. Chakula kinacholipa kuni nyingi kuliko vyote ni kile kinachojenga mwili wa mtoto.

Kuni zikipungua, nyumba inafanya nini? Kwanza inapunguza maharagi. Inapika mara mbili kwa juma pahali pa kila siku. Siku zingine ni bugali na majani, ao muhogo peke yake. Mtoto anashiba tumbo lakini mwili haupati kitu cha kuujenga. Ni sisi tunaolima maharagi, na maharagi yako kwenye gunia ndani ya nyumba, lakini mtoto hayali juu kuni za kuyapika hazipo.

Njia ya pili ni kuyatoa kabla hayajaiva. Hapa kuko hatari ingine. Maharagi, zaidi yale mekundu, yana sumu ya asili ndani yake ambayo inakufa kwa kuchemka kwa nguvu. Yakipikwa nusu, ao yakikaa kwenye joto dogo bila kuchemka, yanaleta kutapika na kuhara ndani ya saa chache. Wengi wanafikiri wamelogwa ao wamelishwa kitu kibaya, na kumbe ni moto uliopungua.

Maji: pahali kolera inapoingilia

Zoni ya afya ya Kirotshe ni moja ya zoni za kandokando ya Ziwa Kivu ambamo kolera, ndiyo kipindupindu, inarudi mara kwa mara. Sisi wote tunajua sababu yake ya kwanza: watu wengi wanachota maji ya ziwa na ya mito, robine ni chache, na vita vinaleta familia zingine kutoka milima kuja kukaa pamoja nasi. Goma haijasahau Julai 1994, wakati kolera ilichukua maelfu ya wakimbizi kwa siku chache.

Ushauri tunaousikia kila mara ni huu: chemsha maji. Ni ushauri mzuri. Lakini nani anahesabu kuni zake? Nyumba ya watu 7, kila mmoja akikunywa lita 2 kwa siku, inahitaji lita 14. Karibu bidoni nzima ya lita 20. Mama aliyetembea nusu siku kutafuta kuni za chakula hatatoa zingine juu ya bidoni ya maji. Atapika kwanza. Hatuwezi kumwambia kwamba hajali afya. Amechagua kati ya mambo mawili ambayo yote ni ya lazima.

Kwa hiyo tuseme mambo matatu yanayopunguza mzigo huo.

La kwanza: si lazima maji yachemke dakika 20. Wengi bado wanaamini vile, na kuni nyingi zinapotea bure. Maji yakianza kuchemka kwa nguvu, mapovu makubwa yakitoka chini kuja juu, dakika 1 inatosha. Juu ya milima, kupita metre 2 000, acha dakika 3. Kisha funika, acha yapoe yenyewe ndani ya chombo safi chenye mfuniko.

La pili: dawa ya maji, ndiyo klori, haitaki kuni hata kidogo. Wakati wa kolera, mara nyingi kunakuwa watu wa afya wanaotia klori ndani ya bidoni pale pale kwenye mwalo. Tusiwapite juu ya harufu ya dawa. Acha maji nusu saa kabla ya kunywa. Maji ya matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, juu matope yanamaliza nguvu ya klori.

La tatu: jua. Chupa ya plastiki inayoona ndani, ya lita 1 ao 2, isiyo na rangi, ijazwe maji maangavu, ilazwe juu ya bati kwa saa 6 za jua kali. Wakati wa mawingu, siku 2 nzima. Wakati wa mvua ya kufululiza njia hii haifai, tumia klori. Si kazi ya kumaliza bidoni nzima, lakini chupa nne zinatosha maji ya watoto wadogo.

Babula chumbani: mazuku ya ndani ya nyumba

Sisi watu wa Sake, Kirotshe na Goma hatuna haja ya kufundishwa kwamba hewa inaweza kuua bila kuonekana. Tunajua mazuku. Kwenye mabonde madogo ya mawe ya volkano, gazi inatoka ndani ya ardhi, inakaa chini kama maji, na mbuzi ao mtu anayeingia asubuhi anaanguka. Hakuna moshi, hakuna onyo.

Babula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa inafanya kazi ya namna hiyo. Gazi yake si ile ile ya mazuku. Ile ya mazuku inatoka ardhini, hii ya makala inatoka ndani ya moto unaokosa hewa. Lakini tabia inafanana: haionekani, haina harufu, na inachukua pahali pa hewa safi ndani ya damu. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kutapika, viungo vinalegea. Akilala, hasikii tena kitu.

Watu wanapenda makala juu hayana moshi mwingi kama kuni. Macho hayaumi, na tunafikiri hatari imekwisha. Kumbe yale makala yanayong'aa bila moshi ndiyo yanayotoa gazi hii zaidi. Usiku wa baridi ya mlima, ao wakati mama amejifungua na watu wanapenda kumpasha joto, babula inaingizwa chumbani na mlango unafungwa. Tusifanye vile. Babula ikae nje mpaka imalize kazi, na mtu asilale nayo, hata kama makala yanaonekana yamekufa. Ukikuta watu wamelegea ndani ya chumba chenye babula, fungua mlango na madirisha, watoe nje haraka, halafu ukimbilie kituo cha afya.

Mgongo wa mama, na njia anayopita

Kuni zikiwa mbali, mama anabeba mzigo mkubwa juu ya kuokoa safari. Kamba kwenye paji la uso, shingo mbele, mgongo umekunjwa, mara nyingi mtoto mbele na kuni nyuma. Shingo na magoti vinachoka mapema. Mwenye mimba anaumia, na aliyejifungua juzi anaweza kuharibika kizazi. Kubeba mzigo mzito mapema baada ya kuzaa si alama ya nguvu.

Njia yenyewe ni hatari. Mwaka 2023, waganga wa MSF walitangaza kwamba kwa wiki mbili tu za Aprili walitibu zaidi ya watu 670, karibu wote wanawake, waliotendewa kwa nguvu kwenye makambi ya wakimbizi karibu na Goma. Wengi walikuwa wamekwenda kutafuta kuni ao chakula. Jambo hili linajulikana na kila nyumba ya huku, hata kama halisemwi mbele ya watu. Yule aliyefikwa na jambo hilo asifichwe: akifika kituo cha afya ndani ya saa 72, kuko dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi na mimba isiyotakiwa, na kutibiwa ni siri yake.

Kila kilo ya kuni ambayo nyumba haihitaji tena ni hatua ambazo mama ao binti hatapiga tena. Ndiyo maana kuhifadhi kuni si mambo ya kuchunga pori tu.

Shamba pia linalipa

Kuni zikikosekana kabisa, tunachoma mabua ya mahindi, maganda ya maharagi na majani makavu. Moto wake unaruka haraka na kufa haraka, moshi wake ni mzito, na mtu anabaki pale akisukuma na kupuliza bila kupumzika. Tena, mabua yale yalikuwa chakula cha udongo. Tukiyachoma jikoni, mvua ya mlima inakuta udongo uko wazi, inaubeba mpaka ziwani. Msimu unaofuata mavuno yanapungua, pesa ya kununua makala inapungua, na tunachoma mabua tena. Mkulima anaita ile hali bahati mbaya, lakini ilianzia jikoni.

Na makala yenyewe? Kwenye tanuri ya udongo ya kienyeji, kilo 5 mpaka 10 za mti zinatoa kilo 1 tu ya makala. Hasara ile inakatwa kwenye milima yetu na ndani ya Hifadhi ya Virunga.

Jiko la kisasa: tuseme ukweli wote

Tunasikia kila mara kwamba jiko lililoboreshwa litamaliza ugonjwa wa moshi. Tunapenda majiko hayo, lakini tusimdanganye mtu. Huko Malawi, watafiti waligawa majiko ya kuni yanayowaka vizuri kwa sehemu ya nyumba za utafiti mmoja wenye watoto zaidi ya 10 000, na matokeo yakatangazwa mwishoni mwa 2016. Nimonia ya watoto haikupungua. Sababu moja inaeleweka: jiko la zamani lilikuwa bado linatumika, jirani alikuwa bado anapika na moshi, takataka zilichomwa uani, na moshi wa taa ulikuwa bado upo. Huko milima ya Guatemala, nyumba zilizopata jiko lenye bomba la kutoa moshi nje zilipunguza moshi karibu nusu. Hata pale, nimonia kwa jumla haikupungua sana, lakini ile kali, inayoweza kuua mtoto, ilipungua karibu theluthi moja.

Tunajifunza nini? Jiko linalokula kuni kidogo si lazima litoe moshi kidogo. Hizo ni kazi mbili. Kwa moshi, kinachosaidia ni kuutoa nje: bomba, dirisha la juu pande mbili, paa la jikoni lililoachwa wazi juu kidogo, ao kupika uani wakati hakuna mvua. Na kumtoa mtoto mchanga karibu na moto. Abaki na bibi ao na kaka yake mkubwa. Kwa kuni, kinachosaidia ni jiko zuri pamoja na namna ya kupika. Tukifanya yote pamoja ndipo mwili unasikia.

Tuanze na mizani

Sasa tufikie kazi ya koperative. Tunapendekeza hivi: nyumba 10 za wanamemba zikubali kupima kuni zao kwa juma moja, na mizani ile ile ya depo.

Siku ya kwanza asubuhi, pima kuni zote zilizo nyumbani, andika. Weka pembeni zote zilizopimwa na utumie hizo tu. Zikiongezwa zingine, zipimwe kabla ya kuingia jikoni. Siku ya saba jioni, pima zilizobaki. Mfano tu: ulianza na kilo 60, zimebaki kilo 11. Umetumia kilo 49, ndiyo kilo 7 kwa siku. Ikiwa mnakula watu 7, ni kilo 1 kwa mtu kwa siku. Andika pia mara ngapi mmepika maharagi, na siku ngapi mmechemsha maji ya kunywa.

Juma la pili, nyumba zile zile, watu wale wale, kuni zilizokauka sawa, lakini na mabadiliko haya manne ambayo hayagharimu pesa:

1. Loweka maharagi usiku kucha, mwaga maji yale, pika na maji mapya. Saa za kupika zinapungua sana.

2. Funika sufuria kila wakati. Mvuke unaoruka ni kuni zinazoruka.

3. Pasua kuni nyembamba na uzikaushe chini ya paa, juu ya mawe, miezi mitatu ao zaidi. Kuni mbichi zinatumia moto wao wenyewe kukausha maji yao, na mabaki yake ni moshi.

4. Tumia kapu la joto: kapu kubwa lililojazwa majani makavu ya ndizi ao vitambaa vizee, lenye shimo la kuingiza sufuria na mto wa kufunika juu. Maharagi yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu nusu saa kwanza, hiyo si ya kuruka, kisha sufuria iingie kapuni bila kufunguliwa saa 3 ao 4. Kabla ya kula, rudisha kwenye moto yachemke tena.

Juma likiisha, pima tena. Tofauti itaonekana kwenye daftari, na kila koperative itakuwa na namba zake yenyewe, si namba za kuletewa na sisi.

Halafu linakuja jambo tunaloliona kubwa kuliko yote: kuni zilizookolewa ziende wapi? Tukiacha bila mapatano, zitauzwa, ao mzee wa nyumba atasema sasa kuni zimetosha, hakuna haja ya kununua makala. Tunashauri papa na mama wakubaliane mbele: sehemu ya kwanza ni kuchemsha maji ya kunywa, sehemu ya pili ni maharagi ya watoto, angalau mara moja zaidi kwa juma. Kinachobaki ni pumziko la mama.

Mambo ya mkutano mkuu

Kuko kazi ambazo nyumba moja haiwezi, koperative inaweza.

Mbegu. Tunapochagua aina ya maharagi tunauliza mavuno, rangi na bei ya soko. Tuulize pia: inaiva kwa saa ngapi? Aina hazilingani. Gawieni kikombe kimoja cha kila aina, pikeni siku moja kwenye moto sawa, andikeni saa.

Depo. Maharagi yaliyokaa miezi mingi pahali pa joto na unyevu yanakuwa magumu, hata yakipikwa siku nzima. Kuyakausha vizuri na kuyaweka juu ya mbao, mbali na ukuta, ni kuokoa kuni za mnunuzi na zetu wenyewe.

Kahawa. Matawi tunayokata kila mwaka na mashina ya zamani tunayofufua ni kuni nzuri. Tuyagawe kwa hesabu.

Miti. Mradi wa EcoMakala wa WWF, ulioanza mwaka 2007, ulisaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda mashamba ya miti ya makala, juu ya kupunguza ukataji ndani ya Virunga. Tulijifunza kwamba mti unalimwa kama zao lingine. Ukaliptusi unakatwa baada ya miaka kama 5 mpaka 7, lakini usipandwe karibu na chemchemi ao kwenye shamba zuri la chakula. Grevilea inafaa kandokando ya shamba na ndani ya kahawa. Kaliandra kwenye mistari ya mlima inashika udongo, inalisha mbuzi, na ukiikata inachipuka tena na kutoa kuni ndogo.

Udongo wa kukodi. Wengi wetu tunalima mashamba ya watu kwa msimu, na mwenye shamba anakataa miti, juu mti unafanana na kudai udongo. Mtu peke yake hana nguvu ya kubishana. Koperative inaweza kwenda kwa mwenye shamba na kwa chefu na kuandika mapatano: miti ni ya kuni tu, miaka fulani, haibadilishi mwenye udongo. Na pale inapokataliwa kabisa, kuko mbaazi na sesbania, zinazotoa mashina ya kuni kwa mwaka mmoja hivi na kuacha mbolea ndani ya udongo.

Umeme na gazi. Tangu Desemba 2015 mtambo wa Matebe, huko Rutshuru, unaweza kutoa megawati 13 hivi, na watu wengi wa Goma wamepata mwanga wake. Ndani ya Ziwa Kivu kuko metani nyingi sana, na upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt unaigeuza umeme. Tunapaswa kuendelea kuuliza viongozi wetu siku gani nguvu hizo zitafika kijijini. Lakini maharagi ya leo jioni hayangoji nguzo ya umeme.

Tunaomba kila koperative iweke jambo moja tu kwenye mkutano ujao: nani wataanza kupima, na lini. Akina mama wasichaguliwe peke yao. Papa wa nyumba abebe zile kuni mwenyewe mpaka kwenye mizani, asome kilo yeye mwenyewe, na aandike. Namba mtakazopata mtuletee. Tutazichapisha bila majina, koperative kwa koperative, ili wa Shasha wajifunze kwa wa Bweremana.